Mtumba Uliozaa Baiskeli ya Milima

Baiskeli ya kwanza ya milima ilikuwa mtumba. Naanza na hilo kwa sababu hapa Pipeline, mtaa wetu wa Nairobi, baiskeli nyingi zenye tairi nene na usukani ulionyooka zimeteremshwa kutoka kwenye kontena bandarini Mombasa, na wanaozipanda huamini kwamba zilibuniwa na wahandisi katika kiwanda fulani cha ng'ambo, kisha sisi tukaletewa zilipochakaa. Ukifuatilia zilikotoka unakuta vijana wasio na pesa nyingi, waliookota baiskeli kuukuu, wakazivua kila kisichohitajika, wakazishusha mlimani hadi zikavunjika, wakazitengeneza na kuzivunja tena. Ni kazi ile ile wanayoifanya mafundi wanaoketi kwenye vigoda kando ya Outering Road, mikono ikiwa myeusi kwa grisi tangu asubuhi.

Mzizi wa hadithi uko Chicago. Huko Ignaz Schwinn, mhamiaji kutoka Ujerumani, alianzisha kampuni ya baiskeli mwaka 1895 pamoja na mshirika wake Adolph Arnold. Kufikia miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, watu wazima walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye magari, na baiskeli ilikuwa imebaki kuwa kitu cha watoto. Mwaka 1933 Frank Schwinn, mwana wa Ignaz, aliingiza sokoni baiskeli yenye tairi nene za upana wa inchi 2.125, zenye tyubu ndani, kwenye gurudumu la inchi 26. Umbo lake liliiga pikipiki, na wavulana waliipenda kwa hilo. Lakini kilichoipa maisha marefu ni tairi yenyewe. Ilimeza mawe, kingo za barabara na mashimo bila kupasuka, na rimu yake ilivumilia mateke ya kila aina.

Ukipita kwenye vibanda vya vipuri kati ya Pipeline na Tassia, geuza tairi inayoning'inia usome ubavuni mwake. Utakuta 26 x 2.125, au ndugu yake 26 x 1.95. Kipimo kilichochaguliwa kwa ajili ya watoto wa Chicago kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ndicho kilichokuja kuamua umbo la baiskeli ya milima kwa zaidi ya miaka 30. Sababu ni nyepesi: wale walioianzisha hawakuwa na uwezo wa kuagiza rimu mpya kiwandani, kwa hiyo walitumia zilizokuwapo.

Watu walikuwa wamepanda milima kwa baiskeli kabla ya hapo. Mwaka 1897 askari weusi 20 wa Kikosi cha 25 cha jeshi la Marekani, wakiongozwa na Luteni James Moss, waliendesha baiskeli kutoka Fort Missoula, Montana, hadi St. Louis, safari ya kilomita zipatazo 3,000 iliyowapitisha kwenye milima ya Rocky, matope na mchanga. Historia nyingi za mchezo huu huwaruka askari hao, na hawastahili kurukwa. Jeshi halikuendelea na jaribio hilo, na baiskeli zao hazikuzaa nyingine.

Zilizozaa ni zile za Marin, wilaya ya California iliyo kaskazini mwa daraja la Golden Gate, chini ya mlima Tamalpais wenye urefu wa mita 784. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa mji wa Larkspur walianza kununua baiskeli za Schwinn na nyingine za miaka ya 1930 na 1940 kwenye maduka ya vitu vilivyotupwa, kwa dola chache tu, na kuziteremsha kwenye barabara za udongo zilizochongwa kwa ajili ya magari ya zimamoto. Waling'oa vifuniko vya matope, taa, keria na mapambo yote. Kilichobaki kilikuwa fremu nzito ya chuma, gia moja na breki ya nyuma inayokamata unaporudisha pedeli kinyume. Yeyote aliyewahi kusukuma Black Mamba, ile baiskeli yetu nzito ya mizigo, iliyobeba gunia anaujua uzito huo. Kupanda mlima kwa chombo kama hicho hakukuwezekana, kwa hiyo walikisukuma hadi juu au kukipakia kwenye gari la mizigo.

Kisha ikaja tarehe 1 Desemba 1974. Siku hiyo kulikuwa na mashindano ya baiskeli ya matopeni katika mji wa Mill Valley, na miongoni mwa waliofika walikuwamo vijana kutoka Cupertino, kusini zaidi, wakiwa na baiskeli kuukuu za tairi nene zilizofungwa kitu kipya: gia nyingi, pamoja na vyombo vya kuhamisha cheni kutoka meno hadi meno, vikiamriwa kwa kidole gumba kwenye usukani. Vijana wa Marin waliziangalia, wakauliza maswali, wakarudi nyumbani. Wa Cupertino nao walirudi kwao na hawakusikika sana baadaye. Mmoja wa waliokuwapo upande wa Marin alikuwa Gary Fisher, mwanabaiskeli wa mashindano ya barabarani, na haikuchukua muda naye akaifunga Schwinn yake gia. Tangu hapo mlima uliweza kupandwa kwa miguu iliyo kwenye pedeli.

Mashindano yaliyoitangaza baiskeli hiyo yalikuwa ya kuteremka. Karibu na mji mdogo wa Fairfax iko njia ya zimamoto inayoshuka kiasi cha mita 400 kwa kilomita tatu na nusu hivi, yenye kona kali, mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua. Breki zile za nyuma zilikamata ndani ya habu, chuma kikisugua chuma, na kwenye mteremko wa namna hiyo joto lilipanda hadi grisi ikayeyuka na kutoka moshi. Ukifika chini, habu ilikuwa kavu. Ilibidi uifungue, uoshe gololi, uipakie grisi upya ndipo ushuke tena, na ndiyo maana njia hiyo ikaitwa Repack, yaani "pakia upya". Fundi yeyote wa Eastlands, upande huu wa Nairobi, aliyewahi kuhudumia baiskeli ya maji iliyoshindiliwa madumu anajua hasa walichokuwa wakikifanya pale chini.

Mbio za kwanza zilifanyika tarehe 21 Oktoba 1976, zikipangwa na Charlie Kelly, mtu wa karibu wa Fisher. Mshindi alikuwa Alan Bonds. Kelly aliwaachilia waendeshaji mmoja mmoja, mwenye kasi ndogo akitangulia na mwenye kasi kubwa akija mwisho, huku saa mbili zilizolinganishwa zikitumika, moja juu na nyingine chini. Utaratibu huo ndio uliobadilisha mambo. Watu wakishuka pamoja kwa mzaha, hakuna anayejua baiskeli ipi ni bora. Wakishuka mmoja mmoja dhidi ya saa, kila badiliko linapimwa: breki ya mkono badala ya ile ya pedeli, usukani mpana wa pikipiki, kiti kinachoteremshwa kwa wenzo mdogo. Rekodi ilibaki kwa Fisher, dakika 4 na sekunde 22, akifuatwa na Joe Breeze kwa dakika 4 na sekunde 24. Wende Cragg, mwanamke aliyepanda na wanaume hao tangu siku za mapema, alibeba kamera yake mlimani, na sehemu kubwa ya tunachokijua kwa macho kuhusu siku zile imetoka kwenye picha zake.

Mbio hizo zilikuwa zikizimaliza zile fremu kuukuu. Zilipasuka shingoni, zikapinda, na kila iliyovunjika ilipunguza akiba, kwa kuwa zilikuwa zimeacha kutengenezwa zamani. Hapo mtumba ukaacha kutosha. Joe Breeze, aliyekwisha kuwa mjenzi wa fremu za mashindano ya barabarani, alichukua mabomba mapya ya chuma cha kromoli, chepesi na kigumu, na mwaka 1977 akaunda fremu iliyofuata umbo la ile Schwinn aliyoipenda, lakini ikiwa mpya kila kiungo. Ya kwanza hiyo leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Kwa jumla alitengeneza kumi, na zikakamilika mwaka 1978.

Mwaka huo huo wa 1978, bomba la mafuta kutoka Mombasa lilianza kufanya kazi na kufika Nairobi, kilomita zipatazo 450, likipita Embakasi. Mtaa wetu ulipata jina lake kutoka kwenye bomba hilo. Majumba ya ghorofa yanayobanana leo hadi jua lisiufikie uchochoro yalikuja baadaye sana. Wakati Breeze akifunga boliti za mwisho huko Marin, anayekwenda kazini Industrial Area kutoka upande huu wa jiji alikuwa juu ya baiskeli ya namna nyingine kabisa, au kwa miguu.

Yaliyofuata Marekani yalikwenda mbio. Tom Ritchey, kijana aliyeanza kuunda fremu akiwa bado shuleni, alitengeneza zake za tairi nene mwaka 1979, na alipobaki na fremu asizoweza kuuza alizikabidhi kwa Fisher na Kelly, ambao walianzisha kampuni ndogo na kuziuza zikiwa kamili kwa takribani dola 1,300 kila moja. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikapeleka wazo hilo kwa viwanda vya Japani na kutoa Stumpjumper kwa dola 750. Mlango ulikuwa umefunguka. Ndani ya miaka michache kila kampuni kubwa ilikuwa na yake, mwaka 1990 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia huko Durango, Colorado, na mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki ya Atlanta.

Sasa nirudi huku kwetu, kwa sababu kuna swali linalonisumbua kila ninaposoma hadithi hiyo. Afrika Mashariki ilikuwa na baiskeli nzito za chuma kwenye njia za udongo, milimani, miaka mingi kabla ya Repack. Black Mamba, ile ya gurudumu la inchi 28, breki za vyuma na gia moja, awali ya Raleigh kutoka Uingereza na baadaye ya viwanda vya Ludhiana, India, kama Hero na Avon, ilipanda Kisii na Murang'a ikiwa na mitungi ya maziwa. Ilivusha abiria kwenye mpaka wa Busia tangu miaka ya 1960, na pale ikazaa biashara ya boda boda. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, watu waliunda chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kinachoshuka kutoka mashambani kikiwa na mamia ya kilo za viazi na mkaa juu ya mawe ya volkeno. Hata Rwanda kulikuwa na baiskeli za mbao. Kwa nini basi baiskeli ya milima haikuzaliwa Kisii?

Wapo wanaojibu kwamba hatukuwa na ubunifu. Siwezi kulikubali jibu hilo hata kidogo. Fundi aliyeongeza nondo mbili kwenye keria ya Black Mamba ili ibebe kilo 150, aliyeimarisha uma wa mbele kwa bomba la pili, alikuwa akifanya uhandisi ule ule wa Breeze. Tofauti ilikuwa kwenye vitu viwili. Kwanza, Breeze angeweza kununua bomba la kromoli na alikuwa na mashine za kulikata. Fundi wetu alipokea fremu ikiwa tayari imeungwa, na chuma alichokuwa nacho kilikuwa kile cha milango na madirisha. Pili, na hili ndilo zito zaidi, nyuma ya Fisher na Kelly walikuwapo wateja walio tayari kulipa dola 1,300 kwa ajili ya kufurahia Jumamosi. Wa Kisii alihitaji baiskeli isiyoharibika ikiwa na mzigo, basi, na Black Mamba ilikuwa imelijibu hitaji hilo. Uzito, ambao Marin walikuwa wakiupigania gramu kwa gramu, kwa mbeba maziwa ulikuwa dhamana.

Baiskeli mpya ilipofika kwetu, ilifika kwanza na wageni. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili, Nicholas na Richard Crane, binamu, waliifikisha juu ya Kilimanjaro, mita 5,895, wakikusanya fedha za shirika la Intermediate Technology. Sehemu kubwa ya njia ya juu waliibeba mabegani. Walikwenda kwa ujasiri na kwa nia njema, ila ningependa kila anayesimulia safari yao akumbuke kwamba wapagazi wa Kichaga hubeba mizigo mizito kuliko baiskeli kwenye mlima huo mwaka mzima.

Mwenyeji aliyeupa mchezo huu makao nchini Kenya ni David Kinjah. Kijijini Mai-a-Ihii, karibu na mji wa Kikuyu, nyumba yake ya mabati iligeuka kuwa karakana, bweni na shule, na kundi la vijana wake likaitwa Safari Simbaz. Kinjah alikuwa nahodha wa timu ya taifa na mwaka 2002 alisajiliwa na timu ya kulipwa ya Italia, lakini kazi yake kubwa ilikuwa pale nyumbani. Vijana walifundishwa kuijua baiskeli kwa kuifungua, wakiunganisha mabaki ya hii na ile, kabla ya kupelekwa kwenye njia za vumbi za Kikuyu na Ngong kwa baiskeli za milima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alijiunga nao mvulana Mzungu mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome. Mvulana huyo alikuja kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Ulaya ilishangaa alikotoka. Waliowahi kuona vijana wa Kinjah wakipanda kutoka bondeni na gia zisizoshika vizuri hawakuwa na sababu ya kushangaa.

Kisha historia yenyewe ikasafiri hadi Rwanda, kwa miguu ya mmoja wa waanzilishi. Mwishoni mwa mwaka 2005 Tom Ritchey, yule yule wa fremu zilizobaki, alitembelea nchi hiyo na kupanda baiskeli kwenye vilima vyake. Aliona wakulima wa kahawa wakisafirisha buni kwenda kwenye vituo vya kuoshea, na aliona baiskeli za mbao zikiteremka kwa kasi iliyomtoa pumzi. Mtu aliyeunda baiskeli za tairi nene tangu mwaka 1979 aliielewa kazi hiyo mara moja. Alianzisha Project Rwanda na kusanifu baiskeli ndefu ya mizigo, yenye gia na breki za uhakika, kwa ajili ya wakulima wa kahawa. Mwaka 2006 yakafanyika mashindano yaliyoitwa Wooden Bike Classic, ambako baiskeli za mbao nazo zilishindanishwa. Alimshawishi pia rafiki yake Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, aje kusaka vipaji.

Miongoni mwa waliopatikana alikuwamo Adrien Niyonshuti wa Rwamagana, aliyepoteza ndugu zake sita katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mwaka 2012 alibeba bendera ya Rwanda katika ufunguzi wa Olimpiki ya London, na tarehe 12 Agosti akaingia kwenye mbio za baiskeli za milima huko Hadleigh Farm. Alimaliza wa 39. Lengo alilokuwa amejiwekea lilikuwa kumaliza, kwa kuwa anayezidiwa sana na viongozi huondolewa njiani, na alimaliza. Mchezo uliotokana na fremu za kuokota ulikuwa umempokea Mnyarwanda, na njia ilikuwa imepitia mikononi mwa mtu aliyekuwapo tangu enzi za Repack. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika bara la Afrika.

Mbio zile za London zina uhusiano na Pipeline pia, wa kimyakimya zaidi. Mshindi, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki, alikuwa kwenye magurudumu ya inchi 29. Wa pili, Nino Schurter wa Uswisi, alikuwa kwenye inchi 27.5. Gurudumu la 26, lile la Schwinn wa 1933, lilikuwa limeshindwa mbele ya dunia nzima, maana gurudumu kubwa hupita juu ya jiwe kwa urahisi zaidi. Viwanda viliyafuata matokeo, na katika miaka michache iliyofuata baiskeli za milima za inchi 26, nzima kabisa, zilianza kuonekana za kizamani Ulaya na Japani. Nyingi ziliishia gereji, kisha kwenye kontena.

Huku zilipokelewa kwa mikono miwili. Rimu ndogo ni imara kuliko kubwa zikibeba uzito ule ule, na tairi za 26 zinapatikana kila kibanda. Mfanyakazi wa Industrial Area anaipanda asubuhi kabla nauli ya matatu haijapanda kwa sababu ya mvua. Mwuza mkate anaifunga kreti nyuma. Mafundi huanza na cheni na habu, halafu hutazama fremu: ya chuma husifiwa, kwa kuwa ikipasuka mchomeleaji yeyote wa jua kali ataiunga jioni hiyo hiyo, ilhali ya alumini inahitaji gesi ya agoni na mtu anayeijua. Shoki za mbele zilizokufa hutolewa na uma mgumu ukarudishwa. Gia nyingi hupunguzwa zikabaki chache zinazoshika. Ukiitazama baiskeli iliyopita kwenye mikono hiyo, imevuliwa hadi kwenye kile kinachofanya kazi, kama zile za Larkspur.

Siku hizi kontena zimeanza kuleta zilizochukua nafasi ya 26. Magurudumu ya inchi 29 yanahitaji spoki ndefu na tairi ghali zaidi, na breki zake nyingi zinatumia mafuta badala ya waya. Baadhi hutaka mafuta ya madini, nyingine yale ya breki za gari, na ukichanganya unaua mipira ya ndani. Mafundi wengine huzing'oa na kufunga za waya zinazobana sahani ile ile. Wengine, hasa vijana, wameanza kujifunza kutoa hewa kwenye mfumo kwa sindano ya hospitali na kipande cha mpira mwembamba, huku video ikichezwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye boksi la vifaa. Wanaoiweza kazi hiyo bado ni wachache upande huu wa Outering, na wateja huwafuata kutoka Fedha hadi Imara Daima.